Barua kwa mwanangu: ufunguo wa pili

Likoni, Jumapili usiku

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaniambia "sawa, mama" kabla sijafika hata katikati ya neno. Karatasi haikatizwi. Baba yako yuko msikitini, stima imerudi sasa hivi baada ya kupotea tangu adhuhuri, na basi lako la Kisumu ni Alhamisi. Na mimi sijapata jibu la jambo nililokuuliza mara tatu: nani atakaa na ufunguo wa pili wa nyumba yako ya Migosi?

Ulicheka. Ukasema mwenye nyumba anao. Mwenye nyumba anakujua kwa kodi tu, tarehe tano. Namtaka mtu anayeweza kufika kwa boda kwa dakika kumi, na anayejua kwamba wewe ukinyamaza siku mbili si kazi iliyokuchosha.

Usiku ule sitausimulia. Ulikuwapo. Nitasema habari ya mlango tu. Tuliuvunja kwa shoka la kuni kwa sababu ufunguo wa akiba ulikuwa ofisini kwangu, kwenye droo, nilikoupeleka siku nilipokasirika kwamba unajifungia chumbani. Fundi aliyekuja kuweka mlango mpya aliuliza kama ni wezi. Nikamwambia ndiyo.

Hospitalini nako nikasema uliteleza bafuni. Ulikuwa mwaka 2021, na kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa bado kinamfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Niliona polisi mlangoni kabla sijamwona daktari. Basi daktari akatibu alichoambiwa, na hakuna aliyeketi kando ya kitanda chako akakuuliza neno. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu kile kinapingana na Katiba. Nililikata gazeti, lile pande liko chini ya kioo cha meza yangu ya kazi. Wateja hulisoma wakidhani nimeliweka kwa ajili yao.

Naam, wateja. Miaka 23 nimesikiliza watoto wa watu. Siku ile ulinipigia mara nne na simu yangu ilikuwa imezimwa, kama sheria ya chumba cha ushauri inavyotaka, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa kijana wa umri wako. Hilo nalo silisimulii.

Kitabu nilichosomea mimi kiliwaweka watu kama wewe katika sura ya magonjwa ya akili, na nilikikariri nikapata alama nzuri. Shirika la Afya Duniani likaja kuwatoa humo. Mkutano wake wa Geneva ulipitisha orodha mpya Mei 2019, ikaanza kutumika Januari 2022, na hali ya jinsia ya moyoni kutowiana na ile uliyoandikiwa ulipozaliwa ikahamishiwa sura ya hali zinazohusu afya ya kingono, ili mtu apate matibabu anayohitaji bila kuitwa mgonjwa wa akili. Nilifundisha hayo kwenye semina. Geneva iliwahi kukuhamisha kuliko mimi.

Na lipo lingine linaloniumiza zaidi. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, wa vijana 129 wenye hali kama yako, nimeutumia katika mafunzo sijui mara ngapi. Waliulizwa ni wapi wanaitwa kwa jina walilojichagulia: nyumbani, shuleni, kazini, kwa marafiki. Kila mahali palipoongezeka, huzuni na mawazo ya kujidhuru yalikuwa madogo zaidi. Nilisimama mbele ya walimu arobaini katika hoteli moja ya Nyali nikawaeleza hilo kwa ufasaha, wakapiga makofi, nikapanda matatu, nikavuka feri, nikaingia nyumbani nikakwambia, "Mwanangu, umekula?"

Mwanangu. Tunajisifu kwamba Kiswahili hakina shida hii ya wenzetu, kwamba sisi "amekuja" ni amekuja tu, awe nani. Ni kweli. Lakini miaka mitatu nilijificha nyuma ya neno hilo moja kama mtu anayejificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana. Jina lako la zamani siliandiki hapa, ingawa nililichagua mimi na liliitwa mbele ya watu siku ya saba mbuzi akichinjwa. Na lile jipya halikunitoka. Kila mtu aliona nimepata njia ya heshima. Wewe hukudanganyika, kwa sababu zamani nilikuwa nakuita "mama", kama tunavyowaita mabinti zetu, na siku niliyoacha kukuita mama sikuanza kukuita lolote.

Mwalimu wangu katika hili akawa bibi yako wa Msambweni, ambaye hajawahi kuhudhuria semina. Tangu unatambaa alikuita "mke mwenzangu", utani wa bibi na mjukuu. Idi ile uliyoingia na ndevu zako nne alikutazama toka juu mpaka chini akasema, "Karibu mume wangu, mbona umekonda hivyo?" Basi. Akaendelea kupepeta mchele. Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, nikasimama mpaka sima ikashika chini ya sufuria. Wewe ulidhani nilikuwa nimekasirika ndiyo maana sikutoka.

Nasema Idris sasa. Wakati mwingine nachelewa kidogo kabla ya kulitamka na najua unausikia ule ucheleweshaji. Usiuhesabu.

Tuje Kisumu. Tafuta mshauri mapema, ukiwa mzima, usisubiri ukiwa chini. Muulize kama amesajiliwa, maana tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014 na bado kila mwenye kiti na sanduku la tishu anajiita mshauri. Mtazame katika kikao cha kwanza. Akianza na "uligundua lini?" kabla hajakuuliza umeletwa na nini siku hiyo, mshukuru, lipa, ondoka. Utakwenda kwa ajili ya bosi mkali naye atataka kuzungumzia kifua chako. Waliokuja kwangu kwa miaka hii, na habari zao sikupi, hujawahi kunisikia nikizitoa, wengi hawakuja kwa sababu ya miili yao. Walikuja kwa sababu ya kodi, ya kuachwa, ya baba aliyeacha kupokea simu, ya kuchoka kukaguliwa kila waingiapo chooni. Uzito ulikuwa hapo. Ukiupunguza huo, wanalala usingizi.

Na akikuahidi kukurekebisha kwa vikao kadhaa, usikae hata kumalizia kikombe cha chai. Unamjua mtu wa aina hiyo. Aliyekupeleka kwa yule bwana wa vikao sita alilipa kwa pesa za chama, na stakabadhi bado anazo kwenye faili la bima, sijui za nini.

Nani ana ufunguo, Idris? Yule Otieno mliyesoma naye? Ulisema ni mtu mwema, na ulisema pia hujamwambia. Sikusukumi umwambie. Mtu hana deni la kujieleza kwa kila anayemsalimu, na Kenya hii tunaijua, mtaa mmoja unakupikia na mtaa wa pili unakufukuza. Lakini mmoja. Mtu mmoja tu katika mji mzima anayejua kwa nini atabisha hodi.

M-Pesa pia inanisumbua. Ukilipa mboga, simu ya mama mboga inasoma jina la kwenye kitambulisho, na kesho soko zima linalo. Ile hati ya kubadili jina umeianza ukaiacha kwa wakili tangu mwaka jana. Uvivu huo hukuutoa kwangu. Vyeti vya shule navyo visikutishe. Audrey Mbugua aliwapeleka mahakamani Baraza la Mitihani, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru cheti chake kitolewe upya kwa jina lake na alama ya jinsia iondolewe. Njia imeshalimwa, wewe ni kupita tu. Mpaka hapo, mwenye kazi amekuajiri akiwa na karatasi zote mbele yake, na alikuchagua kati ya watu wengi. Utakuwa unapima maji ambayo watu watakunywa. Nimewaambia wanachama wote, hata wale ambao hawakuuliza.

Fulana ya kubana kifua: usiivae kwa zaidi ya muda wa saa nane kwa siku, na usilale nayo. Usitumie bandeji hata fulana zote zikiwa kwenye ndoo, inaumiza mbavu. Kisumu ni joto, si la kwetu lenye upepo wa bahari. Sindano zako za homoni, damu ikapimwe kila miezi mitatu mwaka huu wa kwanza kama daktari alivyosema, kwa sababu dawa ile huongeza uzito wa damu. Ikikuishia usinunue kwa vijana wa jimu. Na usiache ghafla kwa sababu pesa zimekwisha. Niambie, kuna akiba ya kuku.

Umesikia kuhusu kuku? Fungo amekula watatu. Banda nimelifunga kwa waya, lakini sasa jogoo analala juu ya tenki na kulichafua, na baba yako anasema tenki lioshwe kabla ya mvua za vuli, na anayesema hivyo hana nia ya kupanda. Zamani ulipanda wewe.

Kuhusu baba yako. Lile sanduku uliloliacha hapa, ukilifungua usishangae. Ijumaa aliitoa kanzu yake ile nyeupe yenye tarizi shingoni, aliyoivaa siku ya harusi ya ami yako, akaipiga pasi mwenyewe, na mtu huyo hajawahi kushika pasi, akaiweka juu ya nguo zako. Hakusema neno. Usimshukuru kwenye simu, ataikana. Ivae tu, na picha utume kwangu.

Mafuta ya nazi, baba, usiyaweke karibu na jiko, yatayeyuka yamwagike kwenye vitabu. Nimekuwekea pia pilipili ya kukaanga na papa mkavu, ingawa najua huko mtanicheka, mji wenye sangara na omena mimi napeleka papa. Mtungi wa gesi nunua mdogo kwanza. Asubuhi kula kitu, chai si chakula. Ukiona wiki nzima hutaki kupika, hutaki kuoga, na kila kitu kinakuwa "haidhuru", usinipigie mimi kwanza. Nitalia, kisha nitaanza kufanya kazi yangu ya ofisini juu yako, na hilo unalichukia, na una haki. Mpigie mwenye ufunguo.

Sasa nikwambie jambo ambalo pengine utanikasirikia. Siku ile tulipokwenda kuiona nyumba, uliniachia ufunguo nimsubiri fundi wa bomba wewe ukienda kazini kutia saini. Fundi wa bomba alichelewa. Fundi wa funguo wa pale barabarani hakuchelewa. Nilichonga mmoja nikautia kwenye pochi bila kukuuliza, nikasafiri nao zaidi ya kilomita 800 mpaka hapa, na usiku ule nililala vizuri. Usiku wa pili niliamka saa tisa, nikauwasha mwanga, nikauangalia. Ufunguo ulioko Likoni haufungui mlango wa Migosi. Ni kama ule wa kwenye droo.

Umo ndani ya bahasha hii, nimeufunga uzi mwekundu usipotee. Mpe unayemtaka. Ukishampa, nitumie jina lake, namba si lazima.

Na lile bakuli langu la bluu ulilobebea biriani Mtwapa, nalitaka kabla ya Alhamisi. Na kifuniko chake.

Mama yako