Barua Kuhusu Sam Mills, Namba 51

Charlotte, North Carolina

Mpendwa Mwalimu,

Salaam nyingi kutoka huku ugenini. Sisi hatujambo, na ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta wewe na jamaa wote mkiwa wazima wa afya. Katika barua yako ya mwisho uliniuliza ile sanamu iliyo nje ya uwanja wa Carolina Panthers, timu ya futiboli ya Marekani ya hapa Charlotte, uliyoiona katika picha niliyokutumia, ni ya nani, na kwa nini ngoma kubwa hupigwa uwanjani humo kabla ya kila mchezo wa nyumbani. Maswali yako yote mawili yana jibu moja, nalo ni Sam Mills. Niwie radhi nikikueleza habari zake kwa kirefu, kwa maana naamini kwamba katika mabeki wote waliowahi kucheza mchezo huu, hakuna ambaye mwalimu wa darasani angemwelewa upesi kuliko yeye.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuona ukubwa wa mtu huyu. Katika futiboli ya Marekani, timu inayolinda hupanga mbele wanaume wazito wanaokabiliana uso kwa uso na wazito wa upande wa pili. Hatua chache nyuma yao husimama mabeki wa safu ya pili, na Mills alikuwa miongoni mwa wale wanaokaa katikati. Kabla mpira haujaanzishwa, beki huyo ana sekunde chache za kuamua iwapo wapinzani watakimbia na mpira au wataurusha. Akikimbilia mbele nao wakarusha, amewaachia uwanja mzima mgongoni mwake. Akirudi nyuma nao wakakimbia, wamekwisha kupata njia. Kwa hiyo beki mjuzi huwasoma. Hutazama vidole vya mzito aliyeinama mbele yake, mkono mmoja ukiwa umegusa nyasi: vidole vikikandamiza ardhi hadi viungo vikabadilika rangi, basi mwili umeegemea mbele na mtu huyo anakuja kusukuma; vikigusa nyasi kwa wepesi, huenda anajitayarisha kurudi nyuma ili amkinge mrusha mpira wake. Kutoka vidoleni macho huhamia miguuni, kisha katika nafasi iliyopo kati ya mtu na mtu, na papo hapo sauti inapazwa ili wenzake wahame mahali walipo. Hayo yote hutangulia, ndipo huja kugongana.

Sasa, Mwalimu, kazi hiyo kwa desturi hupewa wanaume wenye urefu wa mita 1.85 au zaidi. Mills alikuwa na kama mita 1.75 tu. Alizaliwa mwaka 1959 huko New Jersey, akakulia katika mji wa Long Branch, kisha akasoma na kucheza katika chuo cha Montclair State, kilichokuwa katika daraja la tatu la michezo ya vyuo, daraja ambalo wanafunzi hawapewi ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira. Timu za ligi kuu ya futiboli ya Marekani, NFL, zilipochagua vijana kutoka vyuoni mwaka 1981, jina lake halikutajwa na timu hata moja. Cleveland Browns walimwita wamjaribu, kisha wakamwacha. Mwaka uliofuata akavuka mpaka kwenda Kanada kujaribu bahati yake kwa Toronto Argonauts, nao wakamfungashia virago. Alirudi New Jersey akawa mwalimu katika shule ya sekondari ya East Orange, akifundisha useremala na upigaji picha, huku akisaidia kuinoa timu ya mpira ya shule.

Mimi siuoni mwaka ule wa ualimu kuwa mapumziko katikati ya safari yake, ingawa wengi huusimulia hivyo. Mtu anayemfundisha kijana kukata ubao lazima aone kosa kabla msumeno haujafika, na anayefundisha kupiga picha lazima ajue mwanga utaangukia wapi. Siwezi kukuthibitishia kwamba karakana ile ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa, lakini kila nikitazama kanda za michezo yake ya zamani namwona mtu aliyezoea kutangulia tukio kwa mawazo.

Mwaka 1983 ilianzishwa ligi mpya iliyochezwa majira ya kuchipua, iliyoitwa USFL, na timu ya Philadelphia Stars chini ya kocha Jim Mora ikamchukua. Huko ndiko nchi ilikoanza kumjua. Stars walifika fainali katika misimu yote 3 ya ligi hiyo. Ya kwanza wakafungwa 24 kwa 22, na mbili zilizofuata, za mwaka 1984 na 1985, wakatwaa ubingwa. Alipewa jina la utani la Panya wa Shambani, naye akawa anawaangusha washambuliaji waliomzidi kimo kwa kichwa kizima. Makocha wa mchezo huu wana kanuni moja, kwamba katika kugongana anayeingia kwa chini ndiye anayeshinda. Mills hakuhitaji kuinama ili aingie kwa chini. Bega lake lilimkuta mpinzani chini ya kifua, mahali ambapo mwili hunyanyuka kwa urahisi. Kile walichokiita upungufu kilikuwa silaha.

Ligi ile ilikufa baada ya kuishtaki ligi kuu mahakamani na kushinda kesi kwa fidia ya dola 1, ambayo kwa mujibu wa sheria ilizidishwa mara 3. Mora alikuwa amekwisha kuajiriwa na New Orleans Saints mwaka huo huo wa 1986, akamchukua Mills aende naye. Nakuomba uzingatie hali ya timu hiyo: ilianza kucheza mwaka 1967 na haikuwahi kumaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mwaka 1987 ilishinda michezo 12 na kupoteza 3. Mills alicheza katikati pamoja na Vaughan Johnson, pembeni wakiwa Rickey Jackson na Pat Swilling, na baada ya msimu wa 1992 wote wanne walichaguliwa kucheza katika mchezo wa nyota wa ligi, jambo ambalo mabeki wanne wa safu hiyo kutoka timu moja hawakuwa wamelifanya kabla yao. Hawakushinda mchezo hata mmoja wa mtoano pamoja, na hilo hunisikitisha hadi leo. Mora baadaye alisema kwamba Mills ndiye mchezaji bora kuliko wote aliowahi kuwafundisha.

Mwaka 1995 alihamia hapa Charlotte, akiwa na umri wa miaka 36, kujiunga na Panthers ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaanza. Walipoteza michezo 5 ya mwanzo mfululizo. Tarehe 15 Oktoba walikutana na New York Jets, katika uwanja wa Clemson waliokuwa wakiutumia msimu huo. Jets walijaribu pasi fupi ya ujanja, inayosukumwa kwa kiganja kupita katikati ya msongamano, ambako kwa kawaida beki hauoni mpira hadi umekwisha kupita. Mills alikuwa pale pale unapopita. Aliunasa akakimbia nao yadi 36 hadi mwisho wa uwanja, na Panthers wakapata ushindi wa kwanza katika historia yao, 26 kwa 15. Msimu uliofuata, akiwa na miaka 37, alitajwa katika kikosi bora cha ligi nzima, na timu changa ya miaka 2 ikawatoa Dallas Cowboys katika mtoano.

Alistaafu baada ya msimu wa 1997 akabaki kuwa kocha wa mabeki hapa hapa. Agosti 2003 madaktari walimgundua na saratani ya utumbo, wakamwambia kwamba amebakiza miezi michache. Aliendelea na kazi huku akitibiwa kwa kemotherapi. Mwanzoni mwa Januari 2004, kabla ya kucheza tena na Cowboys katika mtoano, alisimama mbele ya wachezaji akawaambia kwamba alipojua anaumwa alikuwa na njia mbili, kuacha au kuendelea kutwanga, na kwamba yeye aliendelea kutwanga. Walishinda mchezo ule na miwili iliyofuata, wakafika fainali kuu mjini Houston, ambako New England Patriots waliwashinda 32 kwa 29. Mills alifariki dunia tarehe 18 Aprili 2005, akiwa na miaka 45. Ngoma unayoniuliza hupigwa kwa ajili ya maneno yake hayo, ambayo siku hizi hushonwa ndani ya kola za jezi, na namba 51 haivaliwi tena na mchezaji yeyote wa Panthers.

Liko jambo moja ambalo bado linanichoma. Jumba la Mashujaa wa mchezo huu, lililopo Canton, Ohio, lilimpokea mwaka 2022, katika mwaka wa mwisho ambao jina lake lingeweza kupigiwa kura kwa njia ya kawaida. Mjane wake ndiye aliyezungumza kwa niaba yake. Nadhani wapiga kura walimpima kwa futi ile ile ya mwaka 1981.

Ukipata nafasi ya kutazama mchezo wake mmoja kwenye intaneti, tafuta wowote wa msimu wa 1996, na usimtazame mwenye mpira. Mtazame namba 51 kabla mpira haujaanzishwa, kisha uniandikie uliyoyaona.

Nisalimie shemeji na watoto, na walimu wenzako wote wanaonikumbuka.

Ndimi rafiki yako akupendaye.