"Mmenitapeli, Mbwa Anakula Milango": Jibu Letu kwa Wenye Malinois

Simu ya namna hii tumeshaizoea. Mteja kamchukua Malinois wake kutoka mafunzoni kwetu, mbwa anakaa, analala, anasubiri akiambiwa. Hazipiti wiki mbili, mlango wa stoo umetafunwa, bampa la gari limening'inia, na mwenye mbwa anadai hela yake. Mmoja alitutangaza hadi kwenye grupu la WhatsApp la mtaani kwao kwamba sisi ni matapeli.

Tukiuliza mbwa anatoka bandani saa ngapi, jibu halibadiliki: usiku, mlinzi akimfungulia. Mchana kutwa yumo ndani, "ili awe mkali".

Jamani, Malinois si wa kujilalia chini ya mwembe. Asili yake ni mbwa wa wachungaji wa Ubelgiji, jina kalipata kutoka mji wa Malines, na kizazi baada ya kizazi alichaguliwa yule asiyechoka. Dume ana kilo 25 hadi 30 tu, mwepesi kuliko German Shepherd, na ukuta wa futi sita kwake si kikwazo. Polisi na majeshi wanampendea hamu ya kazi. Usipompa kazi, atajitafutia mwenyewe.

Kuna jike tuliitiwa Mbezi Beach. Sakafu ya banda ilikuwa na alama ya duara, kazunguka pale mpaka saruji imeng'aa, ncha ya mkia imechubuka na matone ya damu yako ukutani. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari kulipia sindano ya kumtuliza. Tulimpa mpira wa kamba, tukamwonyesha jinsi ya kuuficha kwenye nyasi mbwa autafute kwa pua, asubuhi na jioni. Kunusa kunachosha kuliko kukimbia. Wanaomfunga nyuma ya bodaboda akimbizwe saa sita mchana wanapata mbwa mwenye nyayo zilizoungua kwa lami, na akipona ana pumzi zaidi ya mwanzo. Hapo joto la Dar halijamuua.

Ila njia ya mkato inayotuumiza kichwa kuliko zote ni ya kumchokoza. Mteja wa Goba aliona mafunzo ya ulinzi ni ghali, akamwagiza kijana wa bustani awe anatikisa koti kwenye wavu wa geti na kumchoma mbwa kwa fimbo. Mbwa akajifunza kweli: mkono wowote unaopita getini ni wa kung'atwa. Aliyeleta gesi ndiye aliyeng'atwa. Bosi akagharamia matibabu, na chanjo za kichaa cha mbwa ambazo si sindano moja, kisha akatuletea mbwa yule yule. Sasa bei ikapanda, maana lazima kwanza tumtoe alichofundishwa. Mbwa wa ulinzi lazima afundishwe kuachia akiamriwa, si kuuma tu, na hilo halifanywi na mtu mwenye fimbo.

Kuhusu bei, tumechoka kujitetea lakini tuseme. Ndani yake mna chakula, dawa ya kupe, na mkufunzi anayevaa juani ule mkono mnene wa kinga ambao mbwa anaung'ata. Mna pia vipindi vya kumfundisha mwenye mbwa, na hapo ndipo wateja wanapoomba tukate ili bei ishuke. Wote waliotuita matapeli walikata vipindi hivyo. Hata mbwa wa kunusa meno ya tembo wanaofunzwa Usa River, Arusha, chini ya mpango wa shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation ulioanza 2014, hufunzwa pamoja na waongozaji wao.

Kwa hiyo kuanzia sasa vipindi hivyo havikatwi. Siku ya kumchukua mbwa, njoo na mlinzi wa usiku na yeyote anayemlisha. Asipokuja mlinzi, mbwa analala kwetu, na usiku huo unalipiwa.