Usimshike kwa mkono, mwanangu

Mwanangu Rehema,

Hapa Kigamboni hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua. Ile picha uliyotutumia juzi kutoka Mafia nimeivuta nikaitazama mpaka chaji ikaisha. Umemweka kiganjani konokono mwenye umbo la pia, gamba jembamba lenye mabaka ya kahawia, mdomo mpana. Kwenye ncha nyembamba kimrija kimechungulia. Yu hai! Na wewe unacheka.

Mama'angu, usimshike. Wala usiniambie una glavu. Jino lake ni chusa, lina uwazi ndani linamopita sumu, na hutoboa hata vazi la kuzamia. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba konokono huyu, Conus geographus, huwinda samaki usiku, tena huwamwagia insulini majini wakalegea, na mchana hujifukia mchangani. Ukaniambia sumu yake haina dawa ya kuizima. Aliyechomwa husaidiwa kupumua hadi imwishe mwilini. Sasa huko mwambani, bamvua limekausha maji, mtumbwi uko mbali, nani atakusaidia kupumua? Na mchomo wenyewe huenda usiusikie sana.

Najua utanijibu kwamba kuna dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004, na asili yake ni sumu ya ndugu yake, Conus magus. Siku uliponieleza hayo niliwasimulia wenzangu pantoni mpaka tukateremka Feri. Binti yangu huyo! Lakini ujuzi wote huo, halafu unamkamata kama embe?

Nilikuwa nakuambia shika upande mnene wa nyuma, hakufikii. Usilifuate neno hilo. Mrija wake hurefuka, hujikunja, hufika. Nilisema vile kwa kuwa ndoo ilikuwa haijajaa na wanunuzi wa makombe walikuwa wanangoja. Ada ililipwa, ni kweli. Ila tangu picha hii ije silali, nahesabu mara ngapi ulirudi na mifuko ya sketi imejaa. Yaliyobaki mezani nimeyafunika. Siuzi tena.

Bati la jikoni linavuja upande wa meko, fundi anataka nusu ya hela kwanza. Kaka yako aliahidi, mpaka leo kimya; mpigie wewe, mimi hanisikii. Yule kuku mweupe ameangua saba. Mama yako anauliza kama unakula usiku au unalalia chai.

Nunua viatu vya soli ngumu, na usiende mwambani peke yako. Ukimpata mtu anayevuka kuja Nyamisati, mpe nazi chache atuletee, za huku zimepanda bei.

Picha nyingine ukimpiga, awe mchangani alipo, mkono wako nisiuone.

Baba yako