Sahihi kwenye kitako cha chungu

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima. Mama anakusalimia, anasema kimya chako kimezidi.

Uliniuliza kwenye simu kama ule umoja wetu wa wasanii bado upo. Upo, ila tumegombana mno. Watu walidhani kitakachotugombanisha ni tofauti za fani: mimi na batiki zangu, wachoraji wawili wa rangi ya mafuta, kijana anayechomelea vyuma chakavu vikawa ndege na samaki (vyuma anavitoa wapi, usiniulize), mchongaji anayeokota mabaki ya mbao kwa waunda maboti wa Kibirizi, msusi wa vikapu, mpiga picha, na bibi mmoja mfinyanzi mwenyeji wa Kasulu. Kumbe hapo ndipo penye amani yetu. Mtu akija kutafuta chungu, mimi nitamnyang'anyaje bibi?

Kilichotugombanisha ni jina. Mnunuzi mmoja alitaka kila kazi iwe na muhuri wa kikundi tu, jina la mwenye kazi lisionekane, eti ndivyo maduka yanavyopenda. Wengi tulikuwa tayari, hasa sisi wenye ada za watoto. Aliyekataa ni bibi, ambaye umri wake wote ameuza vyungu sokoni bila kuviandika hata herufi. "Kikivuja wananijua wa kunirudishia," alisema, "kikiwa kizuri wasinijue kwa nini?" Hakuna aliyemjibu.

Nikawakumbusha habari za picha za Tingatinga, ambazo wewe unayepita Morogoro Stores, pale Dar wanapozichora na kuziuza, unazijua kunishinda. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968, rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi. Wanafunzi wake wakashikilia kazi, mwaka 1990 wakasajili ushirika, na mpaka leo watu wanasomesha watoto kwa mtindo ule. Siudharau hata kidogo. Lakini jina lake limegeuka jina la mtindo mzima, na wajanja wamebandika sahihi yake kwenye picha asizozigusa. Tena wale mkono wao unafanana, jina moja linawaenea. Sisi muhuri mmoja juu ya batiki, chungu na samaki wa chuma utamwambia nini mteja?

Mpiga picha wetu, mbishi yule, akaja na nakala ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Haki ni ya aliyeibuni kazi, kwa kawaida maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Bibi aliposikia hiyo 50 alicheka mpaka akakohoa, akaanza kutaja wajukuu mmoja mmoja, nani anastahili na nani mvivu.

Basi tukaamua: sahihi ya mtu kwanza, muhuri wa kikundi pembeni, mdogo. Mnunuzi akaondoka na oda yake. Iliuma, nisikudanganye, maana kodi ya karakana inadaiwa na mchongaji bado ananisalimia kwa nusu mdomo. Ila bibi sasa anakwaruza jina lake kwa mwiba kwenye kitako cha chungu udongo ukiwa mbichi. Mjukuu ndiye aliyemfundisha herufi.

Limebaki moja ambalo hatujalipatia jibu. Mchomeleaji na msusi wametengeneza taa, kiunzi cha chuma, mwili wa ukindu, imependeza kupita kiasi. Sheria inasema ni ya wote wawili. Sawa, lakini bei wanaigawaje? Mmoja alimaliza kwa siku mbili, mwenzake alisuka karibu mwezi. Waulize wazee wa pale ushirikani: picha akianza huyu akamalizia yule, hela wanakataje? Nataka jibu kabla ya kikao chetu cha mwisho wa mwezi, kwa hiyo usiniandikie, nipigie.

Dagaa nimewatuma kwa basi, na chupa ya mawese. Nenda kituoni mapema, utingo wa gari lile ana mikono mirefu.

Wako,
Asha