Kaka, mtoto anatimiza miezi tisa mwezi ujao

Assalaam alaykum, kaka. Shikamoo.

Tangu Mfungo Mosi simu zangu hupokei, na wifi naye akipokea ninakusikia nyuma yake ukimwambia akate. Ndiyo maana ninakuandikia hapa, mahali ambapo hata watu nisiowajua watasoma, na ninajua kwamba hilo nalo utalihesabu kuwa kosa. Mtoto wako mdogo anatimiza miezi tisa mwezi ujao. Huo ndio umri wa chanjo ya kwanza ya surua na rubela, na sitaki ufike kabla sijakwambia yale niliyoshindwa kuyasema siku wahudumu wa afya waliposimama mlangoni kwetu Ngamiani.

Siku ile unaikumbuka. Walikuwa wawili, mmoja amening'iniza begani kile kisanduku cha baridi cha chanjo. Ulitoka na tasbihi mkononi, ukawaambia kwa upole kabisa kwamba watoto wa nyumba hii wanalindwa na Mwenyezi Mungu, ukafunga mlango. Mimi nilikuwa uani ninakuna nazi. Mdogo wetu alinitazama akisubiri mkubwa wake aseme neno, nami niliinamia mbuzi nikaendelea kukuna. Mwanawe alikuwa na miezi kumi. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imejazwa mpaka sindano ya wiki ya 14, na mstari wa miezi 9 ulikuwa mtupu, kwa sababu wewe ndiye uliyesema kwamba alizopata zinatosha, na baada ya baba kufariki neno lako ndilo lililokuwa la mwisho nyumbani.

Wiki chache baadaye surua iliingia mtaani. Kwa mtoto wa mdogo wetu ilianza kama mafua, macho mekundu yanayokimbia mwanga, kisha vipele vikatokea nyuma ya masikio na kushuka hadi miguuni. Ulisema surua haichomwi sindano kwa kuwa itarudi ndani, tukamweka chumbani kwa mama, tukashusha pazia. Usiku wa tatu ulikuja na kombe. Uliliandika mwenyewe kwa zafarani katika ile sahani nyeupe ya mama yenye ukingo wa buluu, ukaosha herufi kwa maji, ukamwinua mtoto kwenye mkono wako wa kushoto na kumnywesha kwa kijiko. Hakuweza kumeza. Mbavu zake zilikuwa zinabonyea ndani kila akivuta pumzi, na midomo ilikuwa imepasuka. Maji ya zafarani yalimwagika kutoka pembeni mwa mdomo, yakapita shingoni, yakaingia kwenye kanga nyeupe aliyolalia, na wewe ukajaza kijiko cha pili. Nilikuwa nimeshika taa. Nilitaka kusema, "Kaka, twende hospitali," na nilisema, lakini kwa sauti ndogo kiasi kwamba ulinijibu, "Nini?", nami sikurudia. Tuliondoka alfajiri kwa bajaji. Daktari alituambia kwamba surua ilikuwa imezaa nimonia. Mtoto hakufika Alasiri.

Kombe silidharau, na wala sikulaumu kwa kumsomea mtoto maneno ya Mwenyezi Mungu. Ninakulaumu kwa kijiko cha pili. Ninajilaumu mimi kwa taa.

Kwenye matanga ulisema siku zake zilikuwa zimefika. Ninaamini kwamba siku ya mwisho ya kila nafsi imeandikwa, na ni wewe uliyenifundisha hivyo nikiwa na miaka saba, nimekaa kwenye mkeka wa chuo chako cha Kurani na ubao mapajani. Lakini ni wewe vilevile uliyetusimulia safari ya Sayyidna Umar kuelekea Sham: alipofika Sargh akapata habari kwamba huko kuna tauni, akaamua kuwarudisha watu, na Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Ulikuwa ukifika hapo unanyamaza kidogo ili tungojee jawabu, kisha unasema: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Uliirudia kila mwaka. Sielewi ilikuwaje ukaisahau mlangoni kwetu.

Nawe mwenyewe ulichanjwa, kaka. Ulipojaaliwa kwenda Hija ulidungwa sindano ya homa ya uti wa mgongo, kwa sababu Saudi Arabia haimruhusu hujaji kuingia bila chanjo hiyo, na sikukusikia ukisema kwamba Al-Kaaba inakulinda. Ulikunja mkono wa kanzu kwa furaha. Mimi na mama tulikuwapo.

Kuhusu yale wanayosema barazani, kwamba chanjo inaua uzazi, maneno hayohayo yalisimamisha chanjo ya polio kule Kano, Nigeria, mwaka 2003. Virusi vilitoka huko vikaenea katika nchi nyingi, vikafika hadi Yemen na Indonesia, nchi za Waislamu wenzetu, na watoto wakapooza miguu. Baadaye viongozi wa dini wa hukohuko walisimama kuwahimiza wazazi, na mwezi Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa haina tena polio ya asili.

Hoja ya nguruwe ni nzito zaidi, na siipuuzi, kwa kuwa unaijua fiqhi kuliko mimi. Ziko chanjo za surua na rubela ambazo hutiwa jelatini ya nguruwe ili zisiharibike. Baraza la Maulamaa la Indonesia lililitazama jambo hilo mwaka 2018, likasema wazi kwamba kitu hicho ni haramu, kisha likaruhusu chanjo itumike kwa sababu ya dharura, maadamu haijapatikana nyingine iliyo halali na hatari ya ugonjwa ni ya kweli. Hawakuficha kitu wala hawakulegeza dini. Ninakuomba uwasome hao, wenye elimu kama yako, badala ya kusikiliza sauti za kwenye simu ambazo hata anayezituma hajulikani.

Unaukumbuka uso wa bibi. Tulipokuwa wadogo tulivigusa vile vishimo vya ndui mashavuni mwake na kumuuliza kama vinauma, naye alikuwa akituhesabia ndugu zake ambao hawakubaki hata na makovu. Ndui haipo tena duniani. Ilitangazwa kuwa imetokomea mwaka 1980. Mtu wa mwisho kuugua ndui ya asili alikuwa mtu wa pwani kama sisi, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye alizunguka nchini kwake akiwahimiza wazazi kuwapa watoto chanjo ya polio, akiwasimulia bila aibu jinsi yeye mwenyewe alivyokwepa. Alikufa kwa malaria mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Ninamfikiria sana mtu huyo ninapokufikiria wewe.

Sasa nije kwenye lile uliloniitia mwizi. Ni kweli kwamba nilimchukua kijana wako, wifi alipokuwa amelazwa na kuniachia watoto, nikampeleka zahanati bila kukuuliza. Alikuwa na miaka miwili. Nesi alichanganya ule unga na maji yake, na nikamsikia akiwaambia akina mama wasogee haraka, kwa sababu chupa ni ya watoto kumi na ikishachanganywa haikai zaidi ya muda wa saa sita. Kijana alilia kidogo, akapewa ndizi, akanyamaza. Uliposikia, ulinisimamisha barazani baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya majirani, ukasema nimekuibia damu yako. Ningekuuliza, ungekataa. Nilikwisha kunyamaza mara mbili, na ya pili iliishia kwa wewe kubeba mtoto juu ya mikono yako kwenda makaburini. Ikiwa nilikosa adabu kwa mkubwa wangu, ninakuomba radhi kwa adabu hiyo. Kwa sindano ile siombi radhi, na hata ukae mwaka mwingine bila kula kwangu sitaomba.

Hata hivyo, huyu mdogo sitamchukua. Mpeleke wewe. Kinga aliyopewa na mama yake tumboni sasa inapungua, na wanafunzi wako hukaa goti kwa goti kwenye chumba chenye dirisha moja. Mgonjwa wa surua akikohoa humo, virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya yeye kutoka, na kati ya kumi wasio na kinga, tisa huambukizwa. Nenda asubuhi, umevaa kofia yako, upite mbele ya chuo ukiwa umempakata. Wale akina mama wanaokuuliza wewe kabla ya kumuuliza nesi watakuona, na hutahitaji kuwatolea mawaidha. Mdogo wetu pia atakuona. Hajawahi kukulaumu kwa mdomo, lakini kanga ile bado ameikunja chini ya nguo zake, haifui wala haivai.

Kijana wako anahitaji dozi ya pili, kwa sababu dozi moja haimkingi kila mtoto. Kadi aliyofunguliwa siku ile ninayo mimi, ndani ya bahasha, kwenye kabati la mama. Kama hutaki kuja mwenyewe, mtume mtoto yeyote wa chuo. Ninakuwa nyumbani baada ya Alasiri.