Msizimezime modemu

Mhariri,

Intaneti ya waya wa simu ikizorota, wengi huchomoa modemu na kuichomeka tena, mara tatu nne kwa usiku mmoja. Dawa hiyo mara nyingi ndiyo inayoongeza maradhi.

Modemu ya ADSL, yaani intaneti hiyo ipitayo kwenye waya wa simu, ikiwashwa huupima waya kwanza. Masafa yake yamegawiwa vijia 256, kila kimoja kilohezi 4.3 hivi. Kijia kitulivu hubebeshwa hadi biti 15 kwa mpigo. Chenye kelele hupewa mbili tatu, au huachwa kitupu. Juu ya hapo hubakishwa akiba, kwa kawaida desibeli 6 (kipimo cha nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele), kwa ajili ya kelele zitakazozuka baadaye. Kasi iliyopangwa hapo, kwa modemu nyingi, ndiyo hiyo hiyo mpaka iunganishe upya.

Sasa, modemu iliyounganisha adhuhuri imekuta waya mtulivu, ikajichukulia kasi kubwa. Jua likizama, redio za mbali za masafa ya kati huanza kuvuma, nazo zimo humo humo ndani ya masafa ya ADSL. Akiba hushuka hadi desibeli 1 au 2, laini ikakatika. Baadhi ya mitambo ya upande wa kampuni huhesabu mikatiko. Ikizidi, hupandisha akiba hadi 9 au 12, na kasi hulipa gharama. Kuchomoachomoa nako huweza kuhesabiwa. Basi ukilazimika kuwasha upya, fanya baada ya Isha: kasi itakuwa ndogo kidogo, ila itasimama.

Ugonjwa wenyewe hutafutwa waya ulipo. Inua simu ya mezani, bonyeza tarakimu moja ili mlio unyamaze, usikilize. Mkwaruzo ni kiungo kibovu. Kwetu hapa Unguja, kwa upepo wa chumvi na mvua za masika, shaba huota ukijani upesi. Kwenye soketi ya ndani, kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, uunge upya kwa viunganishi vyenye jeli. Kisanduku cha nje mwachie fundi wa kampuni.

Katika nyumba za Mji Mkongwe, kagua pia waya wa zamani uliopandishwa ghorofani kisha ukasahauliwa. Mita 25 zisizo na simu mwishoni hula masafa ya karibu na megahezi 2, na ADSL2+, toleo la ADSL lenye masafa mapana zaidi, huyatumia hayo. Uchomoe kwenye soketi ya kwanza.

Na simu ikifa kabisa huku intaneti ikitambaa, usishangae: huenda waya mmoja kati ya miwili umekatika. Mwambie fundi hivyo hivyo, atajua pa kuanzia.

Mafundi wa simu,
Unguja