Barua kutoka Sheffield: Jinsi Mtaa Mzima Unavyoimba Krismasi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Wakubwa wote hapo nyumbani tunawaamkia, na wadogo tunawajulia hali. Sisi huku tu wazima, ila baridi imeshaanza kuuma na saa kumi jioni giza limeshaingia.

Uliuliza jinsi watu wa huku wanavyozunguka mtaani na nyimbo za Krismasi, na kipi kati ya hayo kinaweza kufaa kwaya yako. Wewe ni mwalimu wa kwaya, maelezo ya juujuu hayatakusaidia, kwa hiyo tunakuandikia kirefu.

Kubwa kuliko yote ni hili: huku kuzunguka na nyimbo si onyesho la kwaya. Kwaya ipo ili jirani aimbe. Ukimwona jirani amesimama mlangoni, mikono ameikunja, anasikiliza tu, basi ama do, yaani nota ya msingi ya wimbo, imewekwa juu mno, ama hana maneno mkononi, ama mmemchagulia wimbo asioujua. Karibu yote tutakayokueleza yanatoka hapo.

Jiji hili la Sheffield, Uingereza, lina bahati ya pekee. Katika vijiji vya kaskazini-magharibi yake, kama Dungworth, Worrall na Stannington, watu huanza kuimba Jumapili inayofuata kumbukumbu ya mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katikati ya Novemba, na huendelea hadi tarehe 26 Desemba. Wanaimbia baa, Mjomba. Tunajua Bibi atashtuka, lakini sababu yake ni ya kihistoria. Zamani makanisa ya vijijini yalikuwa na waimbaji na wapigaji wao waliokaa kwenye roshani ya nyuma, na fidla, klarineti na zeze kubwa la besi. Karne ya 19 viongozi wa kanisa walitaka ibada yenye utulivu zaidi, wakaleta vinanda na kwaya za mbele, na wale wa roshani wakaambiwa basi. Nyimbo zao hazikufa. Walizibeba wakaenda nazo majumbani na kwenye baa, na huko ndiko zilikohifadhiwa hadi leo. Wanaoziimba ni wakulima, mafundi, walimu, wajukuu na babu zao, wote kwa sauti nne, na wengi hawana karatasi.

Wimbo unaotawala huko ni “While Shepherds Watched Their Flocks”. Maneno yake ni ya Nahum Tate, yalichapishwa mwaka 1700, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 huo ndio wimbo pekee wa Krismasi uliokuwa na idhini ya kuimbwa katika Kanisa la Anglikana. Kila kijiji kiliutungia tuni yake, yaani sauti yake ya kuuimbia. Jambo hilo linawezekana kwa sababu beti zake zina mizani 8, 6, 8, 6, na tuni yoyote ya mizani hiyo inaukubali. Maarufu mojawapo ni Cranbrook, ya mwaka 1805, iliyotungwa na Thomas Clark, fundi viatu wa Canterbury.

Tuni hizi za zamani zina tabia moja inayowatia watu hofu: mstari wa mwisho hurudiwarudiwa, na mara nyingi sauti haziingii pamoja. Besi hutangulia, sauti nyingine zinafuata moja baada ya nyingine, kisha zote zinakutana mwishoni. Kinachoharibika hapo ni kilekile siku zote. Sauti ya pili inasubiri kusikia wenzake wamemaliza ndipo iingie, na ikisubiri imeshachelewa. Dawa ni kuwafundisha wahesabu mapigo badala ya kusikilizia. Fundisha maingilio peke yake kwanza: kila sauti iimbe neno la kwanza tu, kwa mpangilio, bila kuendelea. Yakishakaa, ongeza mstari uliobaki. Ukianza na mstari mzima utapoteza jioni nzima.

Sasa tuzungumzie do, maana hapo ndipo nyimbo nyingi zinapofia. Kwanza jambo dogo la pembeni: solfa (do, re, mi) unayoifundisha wewe hapo ilitoka huku huku. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeanza, na mchungaji John Curwen akaiendeleza kuanzia miaka ya 1840 ili watu wa kawaida wasome muziki bila gharama kubwa. Kwa hiyo kwaya yako na babu wa watu hawa wamesoma shule moja.

Mtu wa kawaida ambaye hajapasha sauti, tena kwenye baridi, anafika nota ya D ya juu bila taabu. Ukimpeleka E ananyamaza au anashuka oktava nzima, yaani umbali wa do hadi do. “Adeste Fideles” (“O Come, All Ye Faithful”) inakwenda kutoka so ya chini hadi so ya juu, oktava moja kamili, kwa hiyo do ikiwa G kila mtu anaimba. Vitabu vingi vya zamani viliiweka A, na hapo ndipo wanaume walipokuwa wakinyamaza. “Hark! The Herald Angels Sing” iweke F, si G. “Usiku Mtakatifu” ni mgumu kuliko unavyosikika: unatoka do ya chini hadi fa ya juu, oktava na nota tatu zaidi. Ukiuweka C, fa hiyo ni F ya juu na watoto wanapiga kelele. B♭ ndiyo salama, hata kama besi watanung'unika. Wimbo huo, kwa taarifa ya vijana wako, uliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 huko Oberndorf, Austria, na sauti mbili na gitaa. Hauhitaji kinanda.

“Joy to the World” una mtego wake. Unaanzia do ya juu na kushuka ngazi zote hadi do ya chini katika mstari wa kwanza. Kiongozi akitoa do ya chini kwa mazoea, nusu ya watu wanaanzia pale na hawana pa kushukia. Toa do ya juu, iimbe mwenyewe kwa nguvu, kisha uwape hesabu. Katika nyimbo zote nyingine toa nota ya kuanzia ya kila sauti, besi kwanza: do, so, mi, do.

Kuhusu idadi ya beti: nje, mlangoni, beti mbili au tatu zinatosha. “The First Nowell” ukiuimba wote utamwacha mwenye nyumba anatetemeka. Wa kuimba mzima ni “Good King Wenceslas” tu, kwa sababu ni hadithi na ukikata ubeti mmoja haina mwisho. Una beti tano, na mfalme anazungumza na kijana wake: mpe mfalme wanaume, kijana mpe watoto, msimulizi wote pamoja. Watoto waliochoka huamka papo hapo wakifikiwa na zamu yao.

Kundi zuri la kuzunguka ni watu 12 hadi 20. Chini ya 12 upepo unawameza, na zaidi ya 20 barabara inajaa na wa nyuma hawajui wa mbele wameanza nini. Wasimame nusu duara, migongo ukutani au kwenye ua wa nyumba, kwa sababu sauti inayotoka nje bila ukuta wa kuirudisha inapotea na watu wanaanza kupayuka ili wajisikie. Besi na sauti ya tatu wakae katikati, si pembeni, ili wote wasikie msingi. Wakitawanyika mita 30, wa mwisho anaisikia sauti ya wa kwanza karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde baadaye. Ni kidogo, lakini naye anaitikia alichosikia, wa karibu naye anamfuata yeye, na baada ya beti mbili wimbo unakokota. Usipige mikono kuwaharakisha. Wasogeze mabega yagusane.

Vyombo vinasumbua kwa njia mbili zinazopingana. Tarumbeta na vyombo vyote vya kupuliza hushuka kwenye baridi, kwa kuwa hewa baridi hupitisha sauti polepole: mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, na 331 kwenye nyuzi joto 0. Chombo kikipoa sawasawa kinaweza kushuka zaidi kidogo ya nusu ya semitoni (semitoni ni hatua ndogo kama ya mi hadi fa). Gitaa la nyuzi za chuma hupanda, kwa sababu chuma kikipoa hufupika na kukaza. Ukiwaweka pamoja wakiwa wamelinganishwa ndani ya nyumba, wakifika nyumba ya tatu hawapatani tena, na waimbaji hawajui wamfuate nani. Wapigaji wa tarumbeta hupuliza hewa ya joto ndani ya chombo kila wimbo unapokwisha, na huweka kidomo cha chombo mfukoni wakitembea. Kodiani ndiyo inayostahimili, kwa kuwa sauti yake inatoka kwenye vipande vidogo vya chuma ambavyo baridi haivibadilishi sana. Kama hakuna kodiani, bora waimbe bila chombo chochote.

Taa. Karatasi isiyosomeka ni karatasi isiyokuwepo. Maneno yachapwe herufi kubwa, saizi 16 au zaidi, wimbo mmoja kwa ukurasa, nyimbo zikiwa na namba ili kiongozi aseme tu “namba saba”. Taa za kuvaa kichwani ni mbaya, kila ukimtazama mwenzio unampofusha. Watu huku hutumia vitaa vidogo vya kubana kwenye kitabu, na taa moja kubwa juu ya fimbo ndefu katikati ya kundi. Mishumaa ni mizuri kwa macho lakini upepo huizima na nta humwagikia vidole. Kwa watoto tunashauri iachwe kabisa. Chapa nakala kumi au kumi na tano za ziada za kuwapa majirani, na mtu mmoja awe na kazi hiyo tu: mlango ukifunguka, kabla ya salamu, karatasi iwe mkononi mwa mwenye nyumba ikiwa imefunuliwa ukurasa sahihi. Hilo peke yake hubadilisha jioni nzima.

Wiki moja kabla, karatasi ya taarifa hupitishwa chini ya milango: siku, saa, na fedha ni za nini kama zinachangishwa. Muda ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Baada ya hapo watoto wamelala na unageuka kero. Wanaanza kuimba kwanza, kengele inapigwa wimbo ukiwa ubeti wa pili, ili mlango ukifunguka wimbo uwe umeshika. Nyumba isiyofunguka haigongwi mara ya pili.

Kwenye nyumba za kutunzia wazee huombwa nafasi mapema, na anayekohoa anabaki nyumbani. Huko imba polepole, nyimbo za kale tu, beti zote, bila mapambo. Mara nyingi utawaona wazee waliosahau majina ya watoto wao wanaimba maneno bila kukosea. Wape muda wa kupumua kati ya mistari, na usiharakishe kwenda wimbo unaofuata.

Fedha zina sheria. Kuimba tu hakuna tatizo, lakini kuchangisha barabarani kunahitaji kibali cha halmashauri, na kuchangisha mlango kwa mlango ni kibali kingine, chini ya sheria ya mwaka 1939. Maombi hupelekwa mapema, si wiki ya mwisho. Ndoo hufungwa kwa lakiri, huhesabiwa na watu wawili, na siku hizi wengi hawana sarafu kwa hiyo kifaa cha kadi hubebwa pia.

Jambo moja la nota. Nyimbo hizi nyingi ni za zamani na hazina mwenyewe, lakini mpangilio wa sauti unaweza kuwa na mwenyewe. Huku haki hudumu miaka 70 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Ile sauti ya juu inayopaa kwenye ubeti wa “Sing, Choirs of Angels” wa “Adeste Fideles”, inayosikika karibu kila kanisa la huku, ni ya David Willcocks, aliyefariki 2015. Haitakuwa huru hadi mwisho wa 2085. Kwa hiyo hatukukutumia nakala yake. Wewe unaweza kuandika sauti yako ya juu, na kwa kweli itawakaa vijana wako vizuri zaidi, kwa kuwa unajua nani anafika wapi.

Ndani ya bahasha utakuta Cranbrook kwa solfa, sauti zote nne, maingilio yamewekwa alama nyekundu. Anza na besi. Ukikwama kwenye mstari wa mwisho tuandikie ni sauti gani inayoteleza, tutakurekodia hiyo peke yake tukutumie kwa simu. Na utuambie kwaya yako ina wanaume wangapi mwaka huu, maana kama sauti ya tatu ni wawili tu kuna tuni nyingine ya sauti tatu itakayowafaa kuliko hii.

Tusalimie Bibi, mweleze hiyo habari ya baa taratibu.

Wapwa zako